Mkwe Wangu na Jiwe la Satelaiti

Mkwe wangu Bruno ni mtu ambaye huwezi kumkuta akiimba. Alizaliwa upande wa Pangi, katika kijiji ambako mwanaume asipolima mpunga anachimba madini mtoni, na yeye alifanya yote mawili kabla ya kuja Kindu kutafuta kazi ya uashi. Hapo ndipo alipomwoa binti yangu Victorine. Tangu siku ile mimi na yeye hatutazamani usoni wala hatusemezani, maana kwetu mama wa mke na mume wa binti wanaheshimiana hivyo. Nikiwa na neno, namwambia Victorine, na mwenyewe akiwa amesimama palepale anasikia.

"Victorine, mwambie mumeo mvua inakuja na matofali yake yako nje."

"Victorine, mwambie Mama nimesikia."

Victorine hafungui hata kinywa. Anaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, kana kwamba sisi ni redio ya jirani.

Kwa hiyo karibu yote ninayoyajua juu ya Bruno nimeyajua kwa kumtazama kutoka pembeni. Mimi naishi ng'ambo ya mto, Alunguli, lakini ni mama wa mtoto mmoja aliyebaki, na moyo wangu hautulii. Kila nikisikia kelele upande wa Kasuku, wanakokaa, nadhani ni kwao. Napanda mtumbwi, navuka Lualaba, nakuta wamekaa wanakula.

Mwaka wa themanini na mbili walifika kwao watu wa kupima. Mkubwa wao alikuwa injenieri Mbusa, mtu wa Kivu ya Kaskazini, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Walitafuta mahali palipo wazi, pasipo miti mirefu ya kuficha mbingu, wakapaona ukingoni mwa parseli ya Bruno, kiwanja chake. Wakamwomba awasaidie kuchanganya saruji. Wakachimba shimo, wakasimika nguzo fupi ya saruji inayofika gotini, na juu yake msumari mnene wa shaba wenye alama ya msalaba. Juu ya msumari ule wakasimamisha miguu mitatu ya chuma na mlingoti mdogo, na waya ukashuka mpaka kwenye sanduku lililokula betri ya gari.

Siku zile nilikuwa pale, namsaidia Victorine kuwapikia. Nilimsikia Bruno akiuliza sanduku lile linafanya nini.

"Linasikiliza," injenieri alisema. "Juu kule kunapita satelaiti, vyombo vilivyorushwa na watu, vinazunguka dunia kutoka ncha hadi ncha. Kila kimoja kinatoa sauti. Wewe unakaa karibu na reli, si ndiyo? Treni ikija, filimbi yake ikoje?"

"Nyembamba."

"Na ikishakupita?"

"Inakuwa nene. Inashuka."

"Basi. Chombo kikija sauti iko juu, kikienda inashuka. Sanduku linaandika inavyoshuka. Tukisikiliza vingi, usiku na mchana, tunajua jiwe hili liko wapi duniani, na liko juu kiasi gani. Hatukosei zaidi ya hatua moja ya mtu mzima."

Bruno alifikiri sana. Yeye akifikiri hutazama viganja vyake. "Na ninyi mnataka nini na Kindu?"

Injenieri akacheka. Akasema ana rafiki aliyesoma naye Ulaya, ambaye alikwenda na sanduku kama hili mpaka mwisho wa dunia upande wa kusini. Kule nchi nzima imefunikwa na barafu, unene wake ni kama mlima juu ya mlima. Barafu ile haikai. Inatambaa polepole kwenda baharini, kama uji mzito ulioinamishwa. Rafiki yake alisimika mti katika barafu, mwaka uliofuata akarudi, satelaiti zikamwambia mti umehama, umbali kama kutoka kwa Bruno mpaka gare ya treni.

"Theluji inayoanguka ikiwa ndogo kuliko barafu inayomwagika, bahari inapanda," alisema. "Watu wa pwani watahama. Lakini muntu wa pwani akiona maji mlangoni, atajuaje kama njo bahari imepanda, ama njo udongo wake umeshuka? Lazima kuwe na mawe mahali pengi duniani ambayo tunajua yako wapi. Ukimpima muntu tumbo, si unashika futi na kwa mgongo? Kindu njo mgongo wa dunia."

Victorine alicheka mpaka akamwaga chumvi. Bruno hakucheka. Watu wale walipoondoka na treni, injenieri alimwachia koti la mvua na neno moja: jiwe lisiguswe, atarudi kulipima tena. Kuanzia siku ile mkwe wangu akawa mlinzi. Alipalilia majani pembeni ya jiwe, akafukuza mbuzi, na jua likiwaka alivaa lile koti la mvua ili watu wajue. Walimtania. Walimwita Sitwayeni Satelaiti, yaani Raia Satelaiti. Ndugu zake wa Pangi walipokuja kutembea walizunguka jiwe kama paka kando ya samaki.

"Kaka, sema kweli. Iko nini humu chini?"

"Udongo."

"Serikali inaweka saruji juu ya udongo bure?"

"Serikali inaweka saruji juu ya mambo mengi bure," Bruno alisema, na mimi nikageuza shingo haraka kuangalia kama kuna mtu njiani.

Maana wakati ule maneno yalikuwa na masikio. Chama kilikuwa kimoja, na katika mtaa wao chama kilikuwa ni Louis, shefu wa seli, tawi la chama pale mtaani. Majina ya ubatizo yalikatazwa. Kwenye karatasi Bruno ni Mubila, na Louis alikuwa Lutala. Alivaa abakosti, suti ya chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi, aliwatolea maneno makali wote walioitana majina ya padri, na mama yake mzazi alikuwa akimwita kutoka jikoni, "Louis! Louis, njoo ule!" mtaa mzima ukisikia. Alikuwa mtu wa kuchekwa akiwa ameshapita, si kabla.

Mwaka wa themanini na nne, mwezi wa tano, mgeni mkubwa alitarajiwa kwa sikukuu ya chama. Jumamosi ya salongo kila mtu alitoka na jembe na ufagio kusafisha mtaa, kama ilivyokuwa sheria. Bruno hakuwepo. Alikuwa amekwenda Pangi kumzika mjomba wake. Victorine alikuwa ndani na mtoto mchanga, mimi namkanda kwa maji ya moto, na kupitia dirishani nikamwona Louis akipima jiwe kwa macho. Ofisi ya seli ilikuwa hapo karibu, ng'ambo ya uzio, na mlingoti wa bendera ulikuwa umelala upande kama mlevi.

"Hili ndilo tunalohitaji," alisema. "Jiwe zuri namna hii limekaa kwenye majani na bendera inayumba!"

Wanaume wanne walilitikisa, wakalizungushia kamba, wakaling'oa. Wakalisimika mbele ya ofisi, wakafunga mlingoti juu yake, wakalipaka chokaa na mstari wa kijani. Nilitaka kutoka niseme jambo. Nilibaki na kitambaa cha maji mkononi mpaka maji yakapoa. Nani angemwambia shefu kwamba bendera itafute jiwe lingine?

Bruno aliporudi hakugomba. Alisimama mbele ya bendera kwa muda mrefu, koti lake mkononi, kisha akaenda kusimama juu ya lile shimo. Kesho yake kitovu cha mtoto kilikuwa kimeanguka. Kwetu kitovu kinazikwa na baba wa mtoto, na juu yake unapandwa mgomba. Mkungu wake wa kwanza unaliwa na jamaa, mtoto anaonjeshwa, na kabla ya hapo hakuna mtu wa kuugusa kwa panga. Bruno alichukua kitovu na chipukizi, akazika katika shimo la jiwe. Victorine aliona ni sawa: shimo lilikuwa limeshachimbwa, mbona achimbe lingine? Tulimwita mtoto Euphrasie, kwa sauti ndogo, na mgomba ule ukawa mgomba wa Euphrasie. Wote wawili walikua haraka. Mwaka uliofuata Bruno alibomoa nyumba ya zamani, akajenga mpya nyuma kidogo, na parseli ikabadilika sura.

Mwezi mmoja baada ya nyumba kuezekwa, injenieri Mbusa alishuka kwenye treni.

Louis alijua kabla yetu. Alikuja asubuhi, mimi nikiwa uani nachambua mchele. Hakukaa.

"Sitwayeni Mubila, mpimaji wenu amefika. Utamwonyesha jiwe liko wapi."

"Nitamwonyesha lilipokuwa."

"Utamwonyesha lilipo. Jiwe ni lile lile. Msumari ni ule ule. Hatua chache, zitawadhuru nini? Ama unataka kusema bendera ya taifa imekaa mahali isipopaswa?" Akanitazama na mimi. "Mama, ninyi watu wazima, mtafundisha vijana. Muntu akitukana bendera, si mimi tena. Ni watu wengine wenye gari."

Alipoondoka mchele na mawe vilikuwa vimechanganyika tena mikononi mwangu.

"Victorine," nilisema, "mwambie mumeo anyamaze. Mwambie nina mtoto mmoja, na mtoto huyo ana mtoto mmoja. Jiwe halili, halilii usiku."

"Victorine," Bruno alisema, "mwambie Mama nimesikia."

Injenieri alikuja na masanduku yake, amezeeka kidogo, miwani sasa ina waya badala ya uzi. Alisimama kati ya nyumba na ofisi, akageuka huku na huku kama mtu aliyeingia kwenye parseli isiyo yake.

"Nilidhani lilikuwa karibu zaidi na nyumba."

"Nyumba njo ilihama, sitwayeni injenieri!" Louis alisema, na tabasamu lake kubwa. "Mubila amejenga mpya. Jiwe tumelitunza, tumelipa heshima."

"Ni kweli, Mubila? Jiwe ni hili?"

Nilimwona Bruno akitazama viganja vyake. "Jiwe ni hilo," alisema. Na hakuongeza.

Basi wakashusha bendera kwa adabu, wakasimamisha miguu mitatu, waya ukaingia kwenye sanduku. Louis alituma kiti. Nilishukuru Mungu. Nilisema moyoni, limepita.

Lakini Bruno hakula mchana. Victorine alimwekea samaki na ugali, akasukuma sahani. Nilikaa nimempa mgongo, kama inavyopaswa, namsikia.

"Hesabu watafanya Kinshasa," alisema. "Hapa hataona kitu. Atafika kule, ataona Kindu imehama kutoka siku ile. Yeye alisema hakosei zaidi ya hatua moja, hizi ni nyingi. Ataandika nini? Kwamba sisi tunatambaa kama barafu? Halafu yule wa pwani mwenye maji mlangoni, watamfanyia hesabu kwa jiwe langu."

"Wewe unamjua huyo wa pwani?" Victorine aliuliza.

"Hapana."

"Louis unamjua?"

"Namjua."

"Basi kula."

Hakula. Akasema kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikijua. Siku ile ya kuchanganya saruji, aliona wakiweka mawe mawili. La kwanza liliwekwa chini kabisa, dogo, na msumari wake. Wakalifunika kwa mchanga, ndipo wakasimika nguzo juu, msumari juu ya msumari. Injenieri alimwambia: la juu likivunjwa, la chini ndilo shahidi, na usimwambie mtu, watalichimba. Louis aliling'oa la juu tu. La chini liko palepale.

"Wapi palepale?" Victorine aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshajua.

Bruno akaelekeza kidevu nje, kwenye mgomba. Mkungu ulikuwa umetoka, vidole bado vyembamba na ua limening'inia.

Victorine alisimama. "Kwa hiyo hukupanda kwa ajili ya mtoto."

"Nilipanda kwa ajili ya mtoto."

"Ulipanda kulinda jiwe! Ulijua ndugu zako watachimba, ulijua Louis atachimba, na hakuna muntu atagusa mgomba wa kitovu. Umemweka mwanangu sentinele! Mtoto wa wiki moja, umempa kazi ya serikali!"

"Nilikuwa na vitu viwili nilivyotaka visiguswe," Bruno alisema. "Niliviweka pamoja."

"Na sasa unataka kuung'oa mkungu haujakomaa. Akiumwa je? Euphrasie akipata homa kesho, nitaipima kwa sanduku gani?"

Bruno alisema tu kwamba bila ruhusa ya mama wa mtoto hatagusa jani, na kwamba jioni injenieri atakuwa bado anasikiliza pale penye bendera. Kisha nikajua bila kugeuka kwamba Victorine ananitazama mimi. Bibi ndiye mwenye neno juu ya mambo ya kitovu.

Niliogopa kila upande. Niliogopa gari la wale watu wa Louis, niliogopa homa ya mtoto. Niliogopa pia kitu kingine, kidogo: kuwa na mkwe ambaye amejifunza kusema nusu ya neno, maana ile asubuhi alipojibu "jiwe ni hilo", niliona mabega yake yameshuka, na hayakupanda tena.

"Victorine," nilisema, "mgomba wako wewe ulikuwa Kabambare. Ulikuwa haujazaa. Mwaka wa sitini na nne tulikimbia waasi, nimekubeba mgongoni, tukauacha. Nilisikia ulipozaa tu askari waliukata, wakala mkungu ungali mbichi. Nililia njia nzima mpaka hapa, nikisema mtoto huyu hatafika. Sasa angalia. Umefika, una sauti, unamfokea mume mpaka mbuzi wanasimama." Nikaangalia mgomba. "Muulize mumeo kama chipukizi la pembeni linaweza kutolewa na udongo wake wote."

"Victorine, mwambie Mama linaweza. Nitalitoa mimi mwenyewe."

Victorine aliingia ndani na mtoto, akafunga mlango. Hakusema ndiyo. Lakini baada ya muda dirisha lilifunguka na kikapu kikasukumwa nje, kile kikubwa cha kubebea mchele. Kikapu cha kuwekea udongo.

Bruno alivaa koti lake la mvua, jua linawaka, akaenda kwa injenieri. Sikusikia walichoongea. Nilimwona injenieri akivua miwani, akiifuta, akiivaa, akiangalia jiwe la bendera, akimwangalia Louis anayekuja mbio kutoka ofisini na kifungo kimoja cha abakosti hakijafungwa. Nilishika nguzo ya jiko.

Injenieri alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Shefu, nakupongeza. Jiwe letu la juu mmelipandisha cheo, linabeba bendera. Hakuna atakayeligusa. Mimi nahitaji lile la chini tu, ambalo halijapata cheo."

Louis alifungua kinywa. Watu walikuwa wameshakusanyika, wengine wakitabasamu. Akafunga kile kifungo. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, tulipanga hivyo."

Bruno alichimba kwa mikono pale karibu na mzizi, hakutumia panga. Alilitoa chipukizi na bonge la udongo mweusi, akaliweka katika kikapu kama mtu anayemlaza mgonjwa. Kisha akaung'oa mgomba mama, na mkungu wake ukaanguka polepole, wanawake wakaguna. Wale ndugu wa Pangi, waliokuwa wamekuja tena kutembea, walikuwa mbele kabisa, macho yametoka, wanangoja dhahabu. Kilichotokea ni mchanga, halafu jiwe dogo lililokumbatiwa na mizizi, na katikati msumari wa shaba, kijani kwa unyevu, na msalaba wake.

"Hii tu?" mmoja aliuliza.

"Hii tu," injenieri alisema, na alikuwa amepiga magoti, suruali yake nzuri katika udongo.

Walisikiliza satelaiti pale siku zilizobaki. Bruno alipanda chipukizi nyuma ya nyumba, Victorine amesimama karibu, na mtoto kiunoni, hamsemeshi, lakini ndiye aliyemwagilia maji. Injenieri alipoondoka alimshika Bruno mkono kwa mikono miwili. Hesabu zake zilisema nini hatukuambiwa kamwe. Kinshasa ni mbali, na karatasi zikienda kule hazirudi.

Treni ilipokwisha kupiga filimbi, Louis alimkumbuka mtu ambaye hakuhudhuria salongo ya mwezi wa tano, mwaka uliopita. Gari halikuja, walikuja vijana wawili kwa miguu. Bruno alitiwa kasho, yaani mahabusu.

Euphrasie alikuwa na homa siku ile, homa ya meno tu, lakini Victorine hakutaka kumwacha, wala kumtoa nje. Kwa hiyo chakula nilipeleka mimi. Njia nzima nilikuwa nawaza nitasemaje. Nilifika mlangoni pa kasho, sufuria kichwani, askari mmoja anasinzia kwenye benchi, na nyuma ya nondo yuko mkwe wangu, amenigeuzia ubavu kwa heshima. Hapakuwa na Victorine. Niliweka sufuria chini. Nikaitazama.

"Sufuria," nilisema, "mwambie mtu aliye ndani kwamba homa imeshuka. Mwambie chipukizi limetoa jani."

Askari alifungua jicho moja.

"Sufuria," Bruno alisema, "mwambie Mama nimesikia." Halafu, taratibu: "Muulize kama Victorine bado amekasirika."

"Sufuria, mwambie amekasirika. Mwambie amepika mwenyewe."

"Haki ya Mungu," askari alisema, "na mimi nimwambie nani nifungue mlango, sahani?"

Alifungua, akaingiza sufuria. Nikasikia kifuniko kikitolewa, na mkwe wangu akianza kula.